Kigoma hadi Bujumbura: zile dakika 43 za kwenye skrini

SWALI: Ninaishi Mwanga, Kigoma. Wiki tatu kuanzia sasa tuna harusi ya binamu yangu Buyenzi, Bujumbura. Kadi imeandikwa Jumamosi, 14h. Nataka kwenda na baba. Ana miaka 72 na magoti yanamsumbua, ndiyo maana nikafikiria ndege. Tovuti moja inasema Kigoma na Bujumbura zimeachana kilomita 168, nyingine inasema 177, na kwamba kuruka ni dakika 43. Lakini nikitafuta tiketi naletewa safari za kuzungukia Dar, za saa nyingi, nyingine hata za kulala njiani. Nani anadanganya hapa? Na ungekuwa wewe, ungempitisha mzee wapi?

JIBU: Ningempitisha Manyovu, mpakani na Burundi, kwa gari, tena Ijumaa alfajiri. Nimetanguliza jibu kwa sababu maelezo ni marefu, na mwenye harusi hana muda.

Tuanze na hizo kilomita. Tovuti zote mbili zimepima mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ila hazikuanzia wala kuishia mahali pamoja. Ile ya 168 imepima katikati ya mji hadi katikati ya mji. Ile ya 177 imepima uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege. Tofauti inatokana zaidi na upande wa Bujumbura: uwanja wa Melchior Ndadaye uko kama kilomita 10 kaskazini ya mji, na ninyi mnatokea kusini. Ndege yenu ingeupita mji wote, Buyenzi ikiwamo, ikatue mbele, kisha mpande teksi mrudi nyuma mlikopita.

Kwa mstari huo, Bujumbura iko karibu nasi kuliko Mpanda. Kibondo, iliyo ndani ya mkoa wetu wenyewe, inaizidi Bujumbura kidogo kwa umbali. Tabora iko mbali karibu mara mbili. Ukiwa Ujiji ufukweni ukatazama kaskazini, Bujumbura iko ncha ya maji hayohayo unayoyaona. Ndiyo maana watu wakifungua ramani wanaona hii ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Ramani haichori foleni ya Uhamiaji.

Sasa zile dakika 43. Hazikutoka kwa rubani wala kwenye ratiba ya shirika lolote. Tovuti nyingi za kupima umbali zina kanuni moja tu zinayoitumia dunia nzima: chukua umbali, gawanya kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa, halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Fanya mwenyewe: 177 kwa 800 ni dakika 13, ongeza 30, unapata 43. Ukiiuliza tovuti hiyo umbali wa Uvinza hadi Kasulu itakupa dakika za kuruka vilevile, wala haitajisumbua kuuliza kama kuna ndege.

Cha kuchekesha ni kwamba kwa njia hii kanuni imekaribia ukweli. Chukua ndege ya pangaboi ya abiria 76, ile Q400 tuliyoizoea hapa Kigoma. Mwendo wake ikiwa imetulia angani ni zaidi ya kilomita 600 kwa saa, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kilomita 177 ni dakika 17. Haiwi hivyo, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yetu.

Marubani wana hesabu ya kichwani ya kushuka: kwa kila futi 1,000 unazotaka kupunguza, jipe maili 3 za baharini. Kigoma hadi Bujumbura ni maili 96 hivi za aina hiyo. Tuseme ndege imepanda hadi futi 16,000. Uwanja wa Bujumbura uko kwenye futi kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuna futi 13,400 za kushuka, na hizo zinahitaji maili 40. Kupanda nako kumekula maili 30 na ushee. Zilizobaki katikati, ambazo ndege inakwenda kwa mwendo wake wote, ni maili 25 tu, dakika nne au tano. Mhudumu hajamaliza kugawa maji na taa ya mikanda imewaka tena. Safari nzima ni kupanda na kushuka, na ndege inayopanda au kushuka haikimbii kama iliyotulia.

Ongeza na umbo la nchi. Mashariki ya ziwa, upande wa Burundi, kuna safu ya milima ambayo kilele chake, Heha, kimepita mita 2,600, nacho hakiko mbali na Bujumbura. Magharibi, upande wa Kongo, milima inapanda juu zaidi ya hapo. Katikati ni ziwa na bonde la Rusizi. Njia ya ndege inafuata bonde hilo, na barabara ya kurukia ya Bujumbura, yenye urefu wa mita 3,600, nayo imelala kaskazini na kusini. Upepo ukiwa mzuri mnatokea ziwani na kutua moja kwa moja. Upepo ukitoka kusini, ndege inaupita uwanja, inageuka huko mbele, inarudi kutua. Dakika tano hadi kumi zimekwenda. Ukijumlisha na kutembea ardhini kwenye viwanja vyote viwili, kuanzia matairi kuanza kuzunguka Kigoma hadi kusimama Bujumbura ni kama dakika 40 hadi 50. Tovuti imebahatisha.

Lakini baba yako hasafiri kutoka tairi hadi tairi, anasafiri kutoka sebuleni Mwanga hadi sebuleni Buyenzi. Kwa safari ya nje ya nchi mnatakiwa uwanjani mapema, kwa kawaida saa mbili kabla. Mkishuka kuna Uhamiaji, mizigo, afya, teksi; weka saa moja. Kwa hiyo hata kama kesho pangekuwa na ndege ya moja kwa moja, safari ya dakika 43 ingekuwa ya saa nne. Kwa gari, siku njema, ni kama saa sita, mpaka ukiwamo. Kwa umbali mfupi kama huu ndege inashindwa kwa sababu mambo yasiyohusu umbali (kusubiri, kukaguliwa, kugonga mihuri) yanabaki palepale iwe unakwenda kilomita 177 au 1,700. Kwa Kigoma na Dar, kilomita 1,078, hakuna ubishi, panda ndege. Chini ya kilomita 300, na barabara ikiwa ya lami, mimi huanza na barabara na kuiacha pale tu nikionyeshwa sababu.

Na hiyo saa nne ni ya ndege ambayo hukuiona. Kwa tarehe zako mtambo wa tiketi umekuletea Dar kwa sababu mtambo hauangalii ramani, unaangalia ni ndege zipi zimepangwa na zipi zinapokezana. Ndege za ratiba za Kigoma zinakwenda Dar. Ndege za Bujumbura zinatoka Dar, Nairobi, Kigali, Addis Ababa. Basi mtambo umeunganisha. Tazama ilivyo: Kigoma hadi Dar kilomita 1,078, Dar hadi Bujumbura kilomita 1,164. Jumla ni 2,242 ili mfike mahali palipo umbali wa 177. Mara kumi na mbili na zaidi, na sehemu ya pili ya safari mnarudia anga lilelile mlilolipita asubuhi. Humo ndani kuna kukaa Dar saa kadhaa, au kulala, na kwa mtu mwenye magoti mabovu ngazi za ndege mbili na viti vya kusubiria si mapumziko. Ukiona safari inayopitia Kigali usivutwe na wazo la kushukia pale na kumalizia kwa basi: Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda.

Najua utaniuliza kuhusu kukodi ndege ndogo, maana kila mwenye mzee mgonjwa huniuliza. Cessna Caravan inaweza kuifanya njia hii vizuri, kwa mwendo wa kilomita 300 na kitu kwa saa, dakika kama 45 angani. Gharama yake ndiyo inayouma. Ndege ya kukodi inalipiwa kwa saa za kuruka, na unalipia pia inapokuja tupu kukuchukua na inaporudi tupu kwao. Nyingi zinalala Dar au Arusha. Kwa hiyo ungelipa saa nyingi za viti vitupu kwa ajili ya dakika 45 za mzee, pamoja na vibali vya kuruka na kutua vya nchi mbili. Kwa mgonjwa mahututi sawa, ila kwa harusi nunueni ng'ombe.

Kabla ya barabara, kuna jambo linalowakwaza watu wetu kuliko kilomita zote: saa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kigoma saa nne kamili asubuhi, kwa safari ya dakika 45, tiketi itaandika kuwa inafika saa tatu na dakika 45. Umefika kabla hujaondoka. Tiketi haijakosewa, kila muda huandikwa kwa saa ya mahali husika. Kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata urefu wa safari. Tafuta pale palipoandikwa muda wa safari.

Hiyo 14h ya kwenye kadi ni saa nane mchana ya Bujumbura, na huku nyumbani itakuwa saa tisa. Mlango wa kupotea uko hapo: mkifika Bujumbura, mzee akibaki na saa yake ya mkono ya Kigoma, atawaharakisha saa nzima bure, na siku ya kurudi mambo yatageuka.

Ajabu ni kwamba jua halijui mpaka. Kigoma na Bujumbura ziko karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini, jua linachomoza na kuzama kwetu sote kwa wakati mmoja hivi. Sisi ndio tuliovaa saa ya Pwani. Dar iko mbali sana mashariki, jua linaifikia kama dakika 38 kabla yetu, lakini nchi nzima ina saa moja. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar akija Kigoma hushangaa kuona saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado kuna giza, na mwezi wa Ramadhani jamaa wa Dar wanakupigia wameshafuturu wewe ungali unatazama tende. Buyenzi wanafuturu wakati mmoja na Ujiji. Saa yao tu ndiyo inasema kumi na mbili na sisi tunasema moja. Lichukulie hili kwa uzito kwenye ratiba: Bujumbura giza linaingia saa kumi na mbili jioni ya kwao. Ukisema "tutafika saa moja jioni, bado kutakuwa na mwanga," umesahau uko nchi gani. Simu nazo msiziamini kwa upofu mkikaribia Manyovu. Zikinasa mnara wa ng'ambo hurudi nyuma saa moja zenyewe, halafu zikarudi tena mbele.

Haya, barabara. Kutoka mjini mnapita Mwandiga, mnashika njia ya Manyovu. Ni lami, kilomita 60 hivi kutoka Mwandiga, inayopanda milimani kupitia Kalinzi kwenye kahawa. Mchukulieni mzee sweta. Ziwa liko mita 770 na kitu kutoka usawa wa bahari na kule juu ni baridi ya kweli asubuhi. Manyovu mnagonga muhuri wa kutoka, Mugina wa kuingia. Kutoka hapo ni Mabanda, kisha barabara inateremka hadi Nyanza-Lac ziwani, na kuanzia hapo mnafuata ufuko hadi Rumonge na kuendelea Bujumbura, milima kulia, maji kushoto. Jumla yake ni kama kilomita 230 hadi 250 kutegemea mmeanzia mtaa gani. Kutoka Nyanza-Lac ni 125 hivi, na Rumonge iko nyuma kidogo ya nusu yake. Kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, kiliingizwa kwenye mradi mmoja na barabara yetu ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018.

Kwa magoti ya mzee gari lina faida ambayo ndege haina: linasimama. Mpe kiti cha mbele, kirudishwe nyuma, msimame kila baada ya saa moja na nusu atembee kidogo. Nyanza-Lac ni mahali pazuri pa chakula cha mchana. Rumonge ni nchi ya mawese, atajiona yuko kwao. Na kama bado ana hamu ya historia, karibu na kuingia Bujumbura kuna jiwe la Mugere, walikofika Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871 baada ya kukutana hapa Ujiji. Walikwenda kwa mtumbwi. Mwambie hivyo akianza kulalamika.

Magari: Burundi wanaendesha upande wa kulia. Mengi ya magari yao usukani uko kulia kama ya kwetu, kwa sababu yanatoka Japani kupitia bandari ya Dar, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele hadi ajitokeze. Chagua dereva anayeijua njia ile, asiwe kijana wa mjini aliyezoea kwenda Kasulu. Mnaweza kwenda na gari la Kigoma hadi Bujumbura, likiwa na bima ya kuvuka mpaka, kadi ya njano ya COMESA, ambayo kampuni za bima za kwetu hutoa. Au mshuke Manyovu na kupanda gari jingine Mugina. Kwa mzee ningelipa zaidi nikae na gari lilelile. Mafuta yajazeni Kigoma, tangi lote, na mpango wa kurudi uwe mkononi kabla ya kuondoka. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekuwa na uhaba mkali wa petroli na dizeli, na hakuna kitu kitakachowachelewesha Bujumbura kama gari lisilo na mafuta.

Kwa nini nasema Ijumaa? Jumamosi asubuhi kule ni muda wa kazi za umma, watu wanafanya usafi na ujenzi wa pamoja na magari hayatembei ovyo mpaka zimalizike. Ukipanga kuondoka Jumamosi alfajiri ukitegemea ile saa moja ya zawadi, utakutana na barabara iliyosimama na harusi inayokusubiri. Ondokeni Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi yetu. Mkifika mpakani mapema, mkachelewa kidogo, mkala, bado mtaingia Bujumbura mchana kweupe kwa saa ya kwao. Kurudi, saa moja inakatwa: safari ya saa sita ikianza saa moja asubuhi ya Bujumbura mtafika Mwanga saa nane mchana, si saa saba.

Boti za ziwani sizishauri kwa umri wake. Meli za mizigo za Kigoma na Bujumbura zipo, ila ratiba yake ni ya shehena, na mitumbwi ya injini inayopita Kagunga usiku si ya mtu wa miaka 72.

Karatasi sasa. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Mtanzania haombi viza. Lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakiwavushi. Mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mnahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji Kigoma.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinatakiwa kuingia Burundi, na mnaporudi mnaweza kudaiwa huku kwetu pia. Cheti hakianzi kufanya kazi siku ya sindano, huanza baada ya siku 10, kisha ni cha maisha. Wiki tatu zako zinatosha, ila si kwa kuzembea. Na kwa aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, chanjo hii haipigwi hivihivi, maana madhara makali, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wazee. Kama baba ana kadi ya zamani, itafuteni kwenye makaratasi yake, hata ya miaka ya nyuma kabisa inafaa. Kama hana, mpeleke kwa daktari wa hospitali ya Maweni wiki hii, kabla hujalipia gari lolote, aangalie dawa anazotumia na hali yake, aamue kama atachanjwa au atamwandikia barua ya kumsamehe chanjo kwa sababu za kiafya.